Ulimi wa Mpishi

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, baba yake Kiherehere alikuwa ameshakunja aproni yake safi, akaitia kwapani na kwenda kazini. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo. Mamia ya wafanyakazi walikula chakula cha mikono yake kila mchana, na pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwiko, kwa sababu ya ule mwiko mrefu wa mti aliokuwa akiushika kutwa nzima.

Mwiko alisifika kwa kuonja. Chakula kikikaribia kuiva, alichota mchuzi kidogo, akaudondoshea kiganjani, akafumba macho na kuuonja. Jikoni kote watu walinyamaza. Akisema, "Imekolea," masufuria yalishushwa. Akisema, "Bado," hakuna aliyethubutu kubisha, hata msimamizi wa kantini mwenyewe.

Kiherehere alikuwa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na bibi yake tangu alipoanza kutambaa, maana hakuna jambo lililopita nyumbani bila yeye kutia mkono. Mama akikunja nguo, yeye anazikunjua azikunje upya. Fundi akija kutengeneza mlango, yeye ndiye anayemwelekeza pa kupiga msumari. Ukimwita kwa jina lililo kwenye cheti chake, huenda asigeuke.

Baba yake naye alikuwa na lake. Alikuwa mtu wa kutia chumvi. Alitia chumvi kwenye hadithi za kiwandani mpaka mama akashika mbavu kwa kicheko, na alitia chumvi kwenye chakula kabla hajakionja. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpishi ambaye kazini hakuongeza hata punje bila kuonja kwanza, nyumbani alikamata kichupa cha chumvi kabla hajaketi sawasawa. Alikitikisa mara tatu bila kukitazama, kama mtu anayejikuna, kisha akaanza kula.

"Mke wangu ana mkono mwepesi," alisema kumtania mama.

"Na wewe una mkono mzito," mama alimjibu. "Siku moja utakula bahari nzima."

Utani huo ulikwisha siku Mwiko alipoona kizunguzungu mbele ya jiko na kuanguka. Msaidizi wake alimdaka kabla hajafika chini, wakampeleka kliniki. Kiherehere na mama yake walipofika, walimkuta amelala kwenye kitanda chembamba, nesi akimfungua kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

"Presha yako iko juu sana, baba," alisema nesi. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole, lakini maneno yake hayakuwa na mzaha. "Nitakupa dawa, na utazimeza kila siku. Kula matunda na mboga za majani kwa wingi. Chumvi anayotia mama jikoni, kidogo, inatosha. Ile ya mezani kwako sasa ni mwiko."

"Mwiko kapigwa mwiko!" alisema msaidizi, akitaka kuwachangamsha. Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa.

Kiherehere hakucheka kwa sababu alikuwa akimfikiria baba yake mkubwa. Zamani baba mkubwa alikuwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne na sauti ya kutetemesha madirisha. Naye aliambiwa ana presha, naye alimwitikia nesi ndiyo, ndiyo. Kisha kiharusi kikampiga. Sasa alikuwa amelala kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja na mguu mmoja havina nguvu, akilishwa uji kwa kijiko kama mtoto. Sasa alimtazama baba yake kitandani na kuogopa.

"Nitafuata yote, nesi," alisema baba.

Jioni ile ile, mezani, alikishika kichupa na kukitikisa. Moja, mbili, tatu.

"Baba Kiherehere!" mama alisema. "Nesi alikwambia nini?"

"Hii kidogo tu, mke wangu. Hii haina neno."

Ikawa hivyo kila jioni. Mama alisema mpaka akachoka, na baba alikuwa na jibu lile lile.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliweka mabakuli mawili darasani. Bakuli la machungwa yaliyokwisha menywa aliliweka mezani karibu na mlango. La biskuti aliliweka juu ya kabati, mwisho wa chumba. "Kila mtu ale anachotaka," alisema. Kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi walitoka mbio, na kila aliyepita mlangoni alichukua kipande cha chungwa. Waliporudi, bakuli la machungwa lilikuwa tupu. Biskuti zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu.

"Je, nimemkataza mtu biskuti?" aliuliza mwalimu.

"Hapana!"

"Nimemlazimisha mtu chungwa?"

"Hapana!"

"Basi mmeona. Mara nyingi hatuli tunachokipenda zaidi, tunakula kilicho karibu. Ukipanga vitu vizuri, unamrahisishia mtu kuchagua kilicho bora."

Mwalimu aliendelea kueleza, lakini akili ya Kiherehere ilikuwa imeshafika nyumbani. Siku hiyo hiyo alianza kazi. Mkebe wa biskuti aliupandisha rafuni, na mahali pake mezani akaweka sahani ya papai lililokatwa vipande. Wakati wa chakula, bakuli la mboga za majani alilisogeza mbele ya baba na la wali akaliweka upande wa pili. Mama alimwona, akatabasamu, akamwachia. Na kweli, baba alijipakulia mboga mara mbili, na baada ya kula mkono wake ukaenda wenyewe kwenye papai.

Chumvi ndiyo iliyomshinda. Alipokificha kichupa kabatini, baba aliuliza, "Chumvi iko wapi?" akainuka na kukitafuta mpaka akakipata. Kesho yake ikawa vile vile. Kwa biskuti baba alikuwa mvivu, lakini kwa chumvi angeweza kuvuka mto.

Kiherehere akawaza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba baba hatazami kinachotoka kwenye kichupa, anafuata mkono tu. Basi Jumamosi, wazazi walipokwenda kumwona baba mkubwa, aliwasha mshumaa. Alifungua kifuniko cha kichupa, akakigeuza, akadondoshea nta kwa ndani mpaka matundu yakaziba. Aliacha mawili tu. Kifuniko kilikuwa cheupe na nta ilikuwa nyeupe, hata ukikodoa macho usingeona kitu.

Jioni baba alitikisa mara tatu kama kawaida. Akaanza kula. Akasita. Akakitazama chakula, akatikisa tena, akaendelea kula kimya kimya. Kiherehere alijiinamia ili furaha yake isionekane. Alijiona mjanja kuliko watu wote wa nyumba ile.

Lakini siku zilivyopita, mambo yalianza kwenda kombo. Baba aliacha kusimulia hadithi za kiwandani. Alikula akiwa mbali kimawazo. Asubuhi moja Kiherehere alimkuta mbele ya kioo, ametoa ulimi nje, anaugusa kwa kidole. Alipomwona binti yake aliurudisha haraka. "Nilidhani nimejiuma," alisema, akaondoka bila kumaliza chai.

Kisha ikaja jioni ambayo Kiherehere hataisahau. Alikuwa uani akiosha vyombo, na wazazi wake walikuwa ndani, karibu na dirisha lililokuwa wazi.

"Ijumaa narudisha aproni," alisema baba.

"Unasema nini?"

"Ulimi wangu umekufa, mke wangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama si yake. "Hapa nyumbani natia chumvi ile ile ya siku zote, na mdomoni sisikii kitu. Chakula ni chapwa kama maji. Sasa nikienda kazini, nitauaminije? Juzi nilionja mchuzi nikasikia umekolea. Nikajiambia, kama ulimi mbovu huu unasikia chumvi, basi chumvi imezidi. Nikaongeza maji. Watu wakala chakula chapwa na kunung'unika. Jana nikasema nirekebishe, nikatia chumvi kwa kukisia, ikazidi. Masufuria yote yalimwagwa. Watu wamefanya kazi kutwa na njaa kwa sababu yangu. Msimamizi kaniita ofisini."

"Twende kliniki kesho."

"Kufanya nini? Kaka alianza hivi hivi. Alisema chakula hakina ladha, tukamcheka. Haukupita mwezi, akaanguka. Sitaki kuambiwa. Acha nirudishe aproni kabla hawajaninyang'anya, nikae hapa nisubiri zamu yangu."

Mama alianza kulia. Baba hakumbembeleza, na hilo lilimuumiza Kiherehere kuliko kilio cha mama.

Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji ya sabuni. Ulimi wa baba haukuwa umekufa. Ni yeye aliyemfanya aamini hivyo.

Aliingia jikoni taratibu, akakitwaa kichupa, akafungua kifuniko. Mawazo yake ya kwanza, tuseme ukweli, yalikuwa kujiokoa. Angekwangua nta yote, na kesho baba angetikisa mara tatu na kuisikia chumvi. Angefurahi, angebaki kazini, na hakuna ambaye angejua. Alichukua uma na kuanza kukwangua. Tundu moja likafunguka. La pili likafunguka.

Hapo mkono wake ukasimama. Baba angeisikia chumvi kesho, sawa. Lakini angedhani kwamba ulimi wake uliwahi kufa na kufufuka, na asingeuamini tena maisha yake yote. Kila siku angeamka akisubiri ufe tena. Na angerudia kumwaga chumvi kama zamani, tena kwa furaha. Kiherehere aliuweka uma mezani. Alipiga moyo konde, akaenda sebuleni akiwa na kichupa mkono mmoja na kifuniko mkono wa pili.

"Baba, ulimi wako ni mzima," alisema.

Wazazi wake walimgeukia.

"Ni mzima, Baba. Ni mimi. Nilitia nta hapa ndani, chumvi ikawa haitoki." Machozi yalikuwa yameshamtoka, na maneno yakaanza kukanyagana. "Ulikuwa hutaki kuacha, na baba mkubwa yuko vile, nikaogopa, nikaona nikikuambia utakataa. Sikujua utafikiri unaumwa. Nisamehe, Baba. Usirudishe aproni."

Baba alipokea kifuniko. Alikigeuza, akapitisha kidole juu ya nta. Kisha alichukua kichupa na kumimina punje chache kiganjani, kama afanyavyo jikoni kwake. Alifumba macho, akaonja.

"Chumvi," alisema. "Mama Kiherehere, naisikia chumvi."

Mama alifunika uso kwa khanga. Baba alikaa hivyo kwa muda, kiganja wazi, akipumua kama mtu aliyetua mzigo. Kiherehere alisogea, akadhani atakumbatiwa. Lakini baba alipofumbua macho, yalikuwa makali.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini siku zote hizi?" aliuliza. "Nimekuwa nikijiuguza ugonjwa ambao sina. Nimekuwa nikikutazama wewe na kujiuliza nani atakusomesha. Nenda kalale. Leo sina neno jingine la kukuambia."

Kiherehere alikwenda kitandani bila kunyanyua uso. Hakuchapwa, na heri angechapwa.

Kesho yake, baada ya kazi, baba aliwachukua mama na Kiherehere mpaka kliniki. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Nesi alimpima presha, akamwambia atoe ulimi, atabasamu, anyanyue mikono yote miwili. Kisha akamsikiliza Kiherehere akieleza tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, macho sakafuni.

"Hakuna dalili ya kiharusi," nesi alimwambia baba. "Na presha imeshuka, ingawa bado haijafika tunapotaka. Dawa zimesaidia, na kupungua kwa chumvi kumesaidia pia. Vumilia. Ulimi huzoea. Baada ya wiki kadhaa chakula cha chumvi kidogo kitakukolea kama kile cha zamani."

Kiherehere alinyanyua macho. Nesi akamgeukia.

"Usifurahi haraka, binti yangu. Hebu niambie, papai uliliweka wapi?"

"Mezani, karibu na Baba."

"Baba yako alikuwa akiliona?"

"Ndiyo."

"Angeweza kukataa?"

"Ndiyo."

"Na nta?"

Kiherehere alitikisa kichwa.

"Ndiyo tofauti yenyewe," alisema nesi. "Papai ulimrahisishia njia, na uamuzi ukabaki wake. Kwenye chumvi ulimfumba macho. Mgonjwa anatakiwa kujua nini kinaingia mwilini mwake na nini hakiingii, maana asipojua, anatafuta maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi ni ya kutisha. Kama angekuja kwangu na kuniambia ulimi umekufa, ningemtafutia ugonjwa ambao hana. Nia yako ilikuwa njema. Nia njema haigeuzi udanganyifu kuwa dawa."

Baba alikohoa. "Nesi, na mimi nina la kusema. Nilikuahidi nitaiacha chumvi ya mezani, na sikuiacha hata siku moja. Katika nyumba yangu, aliyeanza kudanganya ni mimi."

"Basi mmoja wenu aanze kuacha," nesi alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Ijumaa Mwiko hakurudisha aproni. Alimwendea msimamizi wa kantini, akamweleza yote bila kutia chumvi wala kupunguza. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema, "Basi rudi jikoni, watu wana njaa." Siku hiyo Mwiko alionja mchuzi na kuuamini ulimi wake. Wafanyakazi walikula mpaka wakakwangua sahani.

Wiki iliyofuata aliomba jambo jingine. Vichupa vya chumvi viliondolewa kwenye meza zote za kantini na kuwekwa pamoja kwenye meza ndogo kando ya bomba la kunawia. Matunda yaliyokatwa yaliwekwa mwanzo wa foleni badala ya mwisho. Halafu, kabla ya kupakua, Mwiko alisimama mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, chumvi iko kule," alisema, akionyesha kwa mwiko. "Sikuificha. Anayeitaka ainuke aifuate, simkatazi. Nimeiweka mbali kwa sababu mimi mwenyewe ilinibwaga chini mbele ya jiko hili, na sitaki kumwokota mtu mwingine."

Wengine walilalamika. Mzee mmoja wa karakana alisema anazeeka njiani kwenda kuifuata chumvi. Wachache waliinuka kila siku na kwenda kuichukua, na Mwiko hakuwauliza kitu. Lakini wengi walionja kwanza, wakaona imekolea, wakabaki wamekaa.

Nyumbani mambo hayakutengemaa siku moja. Baba alizungumza na binti yake, lakini kwa kifupi, na Kiherehere aliubeba ufupi ule kama adhabu aliyostahili. Kisha Jumapili moja walipokuwa mezani, mama akiwa bado jikoni, baba alisema, "Sogea hapa."

Kiherehere alisogea.

"Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nimefikiri sana. Ulitaka niishi, mwanangu, na hilo sitalisahau. Sasa nisikilize. Ukiona nakosea, niambie usoni. Nikikataa, niambie tena. Nikikukaripia, mwite mama yako mniambie wawili. Weka papai karibu, weka wali mbali, panga meza utakavyo. Lakini kila utakachokifanya kwa ajili yangu, kifanye nikiwa naona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Vizuri. Haya, una lolote la kuniambia?"

Kiherehere aliitazama sahani ya baba yake.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Wali umezidi."

Mwiko aliutazama wali wake. Aliutazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama rafiki anayesafiri. Kisha akamsogezea binti yake sahani na kijiko.

"Punguza," alisema.

Kiherehere akapunguza, na baba yake akamtazama mpaka alipomaliza.